Mwanamke Aliyekimbia Bomba Lake

Liévin alipenda kumpa mkewe zawadi ambazo mpita njia anaweza kuziona. Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa hakuwahi kumletea Kanyere hata kipande cha sabuni ya kunukia, lakini alimjengea ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, akamwekea geti la chuma la rangi ya bluu, na mwaka ambao binti yao wa kwanza, Séphora, aliolewa Beni, alimnunulia mama mtu kochi kubwa lililokataa kupita mlangoni. Kochi hilo liko barazani mpaka leo, linapauka taratibu, na Liévin hana wasiwasi nalo kwa sababu pale barazani linaonekana vizuri zaidi.

Basi Jumapili moja ya Februari, wakati jua la Bunia lilikuwa limeshakausha mpaka majani ya mihogo na vumbi limezipa nguo zote za mtaani rangi moja, Liévin alimzindulia mkewe bomba la maji uani.

Halikuwa bomba la mchezo. Mafundi walichimba kisima kirefu, forage kama kinavyoitwa Bunia, kwa siku kumi na moja, wakafunga pampu ya nguvu ya jua, na juu ya mnara wa vyuma wakapandisha tangi jeusi la lita elfu tatu lililotoka Kampala kupitia Aru. Ubavuni mwa tangi Liévin aliandikisha FAMILLE LIÉVIN kwa rangi nyeupe, rangi ileile anayoiuza dukani kwake pamoja na misumari na mabati. Ukisimama barabara kuu unayasoma maneno hayo bila kukodoa macho.

Mchungaji aliliombea bomba dakika arobaini, watu wakiwa wamesimama juani. Alipomaliza, Liévin alipanda juu ya kreti ya soda, akajifuta jasho, akatangaza:

“Kuanzia leo bibi yangu hapana kubeba tena bidon! Miye nimesema. Ile mambo ya kwenda ku source imeisha, ni mambo ya bamasikini.”

Watu wakapiga makofi. Kanyere naye akapiga, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, maana mwanamke gani angesimama mbele ya mchungaji aseme kwamba bomba halitaki? Lakini moyoni alijisikia kama mtu aliyefukuzwa kazi kwa sherehe.

Na kazi alikuwa nayo. Mtaa wote ulichota maji kwenye chemchemi moja bondeni iliyoitwa Kwa Pilipili. Zamani mtu fulani alilima pilipili pale. Pilipili zilikwisha, jina likabaki. Maji yalitoka kwenye paipu moja iliyopachikwa kwenye saruji. Wakati wa mvua yalitoka kwa nguvu, bidoni ikajaa kabla hamjamaliza kusalimiana. Jua likikaza, bidoni moja ya lita ishirini ilikula dakika kumi. Kwa hiyo wanawake walizipanga bidoni zao tangu alfajiri, moja nyuma ya nyingine, kisha wao wenyewe wakaenda kukaa kwenye kivuli cha mikaratusi na kuziacha bidoni zisimame kwa niaba yao.

Hapo ndipo Kanyere alipokuwa mtu. Bidoni zote ni za njano na zote zilianza maisha na mafuta ya kupikia, lakini yeye alizijua moja moja: hii imezibwa kwa gunzi la mahindi, ile ina uzi mwekundu, ile nyingine iliungua ubavuni. Mtu akienda kunyonyesha na akarudi akakuta bidoni yake imesogezwa nyuma, hakupigana, alimgeukia Kanyere. Kanyere alifumba macho kidogo, akautaja mstari wote kutoka mbele hadi nyuma bila kukosea, na kesi ikaisha. Hakuna aliyempigia kura, lakini wote walimwita Présidente, na alikuwa na kiti chake, jiwe pana karibu na maji, ambalo hata mwenye mimba alilikalia kwa kuomba ruhusa.

Saa tano za kungojea mtu mwingine angeziita adhabu. Kanyere aliziita mapumziko. Alitumbukiza miguu kwenye matope ya baridi, akatafuna muwa, akala mandazi yaliyoletwa kwa ndoo yakiwa bado ya moto. Mwenye mandazi, Véronique, alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha bonde zima. Alijua nani kaolewa, nani karudishwa kwao, kwaya gani imegawanyika kwa ajili ya sare, na kila habari aliitia chumvi ya kutosha. Honorine, aliyekimbia vita huko Djugu na watoto watano na sasa alikuwa akifulia watu nguo, alisema maneno machache, lakini aliyoyasema watu waliyarudia nyumbani. Uani kwake Kanyere alikuwa mke wa Liévin. Pale kwenye jiwe alikuwa yeye mwenyewe, na akilikosa jiwe lile hakujua angebaki na nini.

Jumatatu alfajiri aliamka kwa mazoea, akachukua bidoni, akafika getini, akakumbuka. Akarudi bombani. Kufikia saa kumi na mbili na robo mapipa mawili, masufuria yote, ndoo za kuogea na hata birika la chai vilikuwa vimejaa. Watoto wawili waliobaki nyumbani wakaenda shule, Liévin akaenda dukani, Kanyere akakaa kwenye kochi la barazani. Siku nzima ilikuwa mbele yake na hakuna aliyeigusa.

Saa mbili alifagia ua. Saa tatu aliufagia tena, ingawa hakuna hata kuku aliyekuwa amepita. Joto likapanda, mabati yakaanza kulialia. Karibu saa nne akasikia wanawake wakipita nje ya ukuta na mizigo yao, na Véronique akisema, “...balimukuta nyuma ya kanisa, mukristo muzima!” Wakacheka, wakapita. Nani alikutwa? Na nani? Akifanya nini? Kanyere alipanda juu ya tofali, akanyoosha shingo, vipande vya chupa vikamrudisha chini. Mpaka jioni alikuwa akijiuliza swali hilohilo huku akitazama maji yake.

Liévin aliporudi, alijaribu.

“Papa Séphora, tungeacha bamama ba avenue bakuje kuchota hapa kidogo. Jua iko kali mingi.”

“Mama Séphora, leo batakuja kumi, kesho mia moja. Pompe itakufa. Na kisha batakuomba mpaka kitanda. Hapana.”

Hakuuliza mara ya pili. Na tuseme ukweli, hata hiyo mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukubaliwa. Akiwafungulia geti, wangekuja kama waombaji, wachote haraka, waseme aksanti, waende zao. Nani aliwahi kukaa kupiga domo kwenye ua wa tajiri? Kanyere hakutaka wanawake waje kwenye maji yake. Alitaka yeye ndiye aende kwenye maji yao.

Jumanne akapata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa maharagi.

“Maji ya forage iko nzito,” alimwambia mumewe kwa uso wa huzuni. “Maharagi inakataa kuiva.”

Liévin angevumilia mambo mengi, lakini si maharagi magumu. Alikuna kidevu, akatazama tangi lake kama mzazi aliyeletewa ripoti mbaya ya shule, kisha akakubali: bidoni moja tu kwa siku, na apite njia ya nyuma watu wasimwone.

Alipita njia ya mbele. Alishuka bondeni karibu akikimbia, na alipotokea kwenye mikaratusi wanawake walipiga vigelegele.

“Présidente amerudi!” Véronique alipaza sauti. “Kumbe batajiri nabo banasikiaka kiu?”

Kanyere akaeleza habari za maharagi. Wanawake wakatikisa vichwa, maana jambo hilo linajulikana, kuna maji ambayo maharagi hayayataki. Mtoto wa Honorine alikuwa amekalia jiwe. Akanyanyuliwa, Présidente akaketi, akaingiza miguu kwenye matope, akafumba macho kwa raha. Kisha akadai deni lake la habari. Aliyekutwa nyuma ya kanisa, kumbe, alikuwa shemasi mmoja mzee, amelala fofofo katikati ya ibada, kikapu cha sadaka amekivaa kichwani kujikinga na jua. Kanyere alicheka mpaka akalishika jiwe kwa mikono miwili. Habari yenyewe ilikuwa ndogo, lakini aliipata mahali pake.

Shida ilianza aliporudi nyumbani. Maharagi yalitaka lita tatu. Vyombo vyote vilikuwa vimejaa mpaka mdomoni. Na bidoni iliyojaa haiwezi kupanga mstari kesho yake. Kanyere aliizunguka ile bidoni mara mbili, kisha akaibeba hadi nyuma ya jiko penye migomba mitatu, akaiinamisha. Aliimwaga polepole, kwa adabu, ili mtu akimwona aseme anatunza bustani. Saa tano za kungojea zikanywewa na ardhi kwa muda wa kuhesabu hadi sitini.

Jumatano ilikuwa siku tamu kuliko zote za wiki ile, na mwenye kutaka kumhukumu Kanyere kwanza angekuwepo. Joto lilikuwa la kuchoma, kila mtu alijifunga kitambaa kibichi kichwani. Mmoja alileta avoka tano zilizoiva sawasawa, wakazila kwa chumvi na vidole. Véronique alimsuka Kanyere nywele upande mmoja, akachoka, akaahidi kumalizia upande wa pili kesho. Walibishana kwa saa nzima kama samaki wa Tchomia ana ladha kuliko wa Mahagi-Port, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekula samaki tangu Noeli. Kanyere alirudi nyumbani kichwa kimesukwa nusu, akaimwagilia migomba yake, akapika kwa maji ya bomba huku akiimba. Maharagi yaliiva vizuri kabisa.

“Unaona?” Liévin alisema akijaza sahani. “Maji ya source ni yingine.”

Alhamisi paipu ilitoa maji membamba kama kalamu. Bidoni moja ilikula dakika ishirini, mstari ukafika mpaka kwenye mikaratusi, na kufikia saa tatu watu wawili walikuwa wameshikana kanga. Kanyere akasimama juu ya jiwe. Ilikuwa saa yake.

“Bamama! Leo kila mutu bidon moja. Mwenye alileta mbili, atoshe moja. Mwenye alileta tatu, atoshe mbili. Tusiuane juu ya maji!”

Wakatii. Honorine, ambaye alikuwa na nguo za watu wawili za kufua, alikuwa ameleta tatu. Aliziondoa mbili kwenye mstari, akaziweka kando. Kanyere akamsifu mbele ya wote, akasema huo ndio moyo unaotakiwa. Kisha akaketi, na bidoni yake mwenyewe, ya tano kutoka mbele, ikaendelea kusogea kuelekea kwenye migomba. Wala hakuona aibu. Alijiona mtu wa haki, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameleta moja tu.

Ila Véronique alikuwa na macho. Alikuwa akisuka ule upande wa pili wa kichwa, na kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwako unaweza kukiuliza maswali.

“Présidente, miye niko nauliza tu. Lita elfu tatu iko kwako ya kuoga, ya kufula, ya kunywa. Na weye uko hapa tangu alfajiri. Hii maharagi munakulaka asubuhi, midi na mangaribi?”

Wanawake wakacheka, kisha wakangoja jibu, maana swali lilikuwa zuri. Kanyere alihisi macho yote yakimtazama kichwani. Angeweza kusema: nimewakosa, nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye, mume wangu ni tangi. Maneno hayo yangewachekesha, na yangesamehewa papo hapo. Lakini yalikuwa maneno ya kweli, na mtu aliyezoea kuitwa Présidente hapendi kuonekana akiomba kupendwa.

“Pompe imekufa,” alisema.

“Yee! Tangu siku gani?”

“Tangu jana. Tangi iko kavu.”

Basi huruma ikamiminika. Wakalaani vitu vya Kampala, wakamlaani fundi, mwingine akasema kwa furaha kidogo kwamba yeye tangu siku ya maombi alijua pampu ile haitafika Pasaka. Véronique akamkatia andazi kubwa na kumaliza kumsuka vizuri zaidi kuliko Jumatano. Honorine aliinuka, akaishika bidoni yake iliyokuwa ya nne, akaibadilishana nafasi na ile ya Kanyere.

“Pole, mama,” alisema. “Weye uko na nyumba kubwa.”

Na Kanyere, mnisikie vizuri, alisema aksanti.

Ijumaa ndiyo siku ambayo joto lilifanya hata mbwa wakatae kubweka. Kanyere alirudi nyumbani karibu saa nane mchana na bidoni yake, akakuta geti liko wazi. Liévin alikuwa amerudi kutoka dukani, amevaa kaptula na ndala, anaosha gari lake dogo la mizigo kwa mpira uliofungwa bombani. Maji yalikuwa yakiruka juu ya kioo, yakateremka na povu, yakapita chini ya magurudumu, yakatoka nje ya geti mpaka barabarani. Alikuwa akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao sauti ya kwanza hakuwepo wa kuiimba. Kanyere alimpita, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Migomba ilikuwa imetoa majani mapya, mapana, ya kijani kibichi. Katika mtaa mzima uliokauka hapakuwa na majani mengine ya namna ile. Aliinamisha bidoni.

Nusu ilikuwa imeshamwagika aliposikia sauti ya mumewe.

“Mama, kama uko natafuta maji, hapa hatuuzishake!”

“Siko natafuta, papa,” sauti nyingine ikajibu. “Nimeleta.”

Kanyere aligeuka. Honorine alikuwa amesimama katikati ya ua, bidoni kichwani, miguu yake ndani ya povu la gari. Ilikuwa bidoni yake ya siku ile, bidoni moja, kama Présidente alivyoamuru. Alikuwa ameigawa kwa watoto wake nusu, na ile nusu nyingine amepanda nayo mlima juani kumletea mwanamke mwenye nyumba kubwa na pampu iliyokufa.

Alimtazama Liévin na mpira wake. Alilitazama tangi. Alimtazama Kanyere, bidoni iliyoinama mikononi mwake ikiendelea kutoa maji gudu-gudu, kwa kuwa Kanyere alikuwa amesahau kuiinua. Mwisho aliitazama migomba.

“Ndizi yenu imependeza,” alisema.

Akatua mzigo wake chini, akangoja. Kanyere akanong'ona aksanti, aksanti mingi.

“Unipatie bidon yangu, mama. Nina kazi nayo.”

Ndiyo, bidoni ilikuwa lazima irudishwe. Kanyere aliiinua, akaenda nayo kwenye pipa la kwanza. Lilikuwa limejaa. Akafunua la pili, limejaa. Akaingia jikoni, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, akatoka na ndoo ya kuogea, akaona maji yanatikisika mdomoni, akairudisha. Alifunua hata birika. Honorine alikuwa amesimama palepale, mikono imekunjwa kifuani, akimfuata kwa macho kutoka kifuniko hadi kifuniko. Ukiacha ile bidoni iliyobaki kwenye migomba, ambayo hakuthubutu hata kuitazama, katika nyumba nzima ya Liévin hapakuwa na chombo kimoja chenye nafasi ya kupokea lita kumi za Honorine.

“Basi niirudishe,” Honorine alisema mwishoni, kwa upole kabisa.

Alijitwisha mwenyewe, akalivuka povu, akatoka. Kanyere alikuwa bado ameshika kifuniko cha birika. Wazo la kwamba angeweza kumjazia bidoni ile kwa mpira wa gari, ikajaa mpaka juu, lilimjia baada ya dakika nzima, Honorine akiwa ameshakunja kona. Aibu ilimpanda, aibu ya kweli.

“Ule ni nani?” Liévin aliuliza.

“Ni mutu wa source.”

“Bazoee kupiga hodi,” alisema, akaendelea na magurudumu.

Usiku ule Kanyere hakushiba wala hakulala vizuri, na Jumamosi kabla ya jua kuchomoza alikuwa njiani na bidoni yake. Njia nzima alipanga maneno. Wakimtukana, atatukanika. Véronique akimwimbia wimbo wa migomba, na hakika alikuwa ameshautunga, atacheka wa kwanza. Wakimnyang'anya zamu wiki nzima, atakaa wa mwisho kwa mwezi. Aliwajua wale wanawake. Wanagombana kwa sauti ya kupasua masikio, na kabla ya andazi la pili wamesahau. Alichotaka ni huo ugomvi. Aliukimbilia.

Alipotokea kwenye mikaratusi, walisimama wote.

“Jambo, patronne,” mmoja alisema.

“Jambo, patronne,” wakaitikia wengine. Si Présidente tena, bali patronne, jina ambalo mtumishi humwita bibi mwenye mali.

Kanyere alidhani ni mzaha, akafungua mdomo acheke nao, lakini hakuna aliyekuwa akicheka. Véronique alikuja, akampokea bidoni kwa mikono miwili, kama unavyompokea mgeni kutoka mbali, akaivusha mbele ya bidoni arobaini na zaidi mpaka kwenye paipu. Mwingine alitandika kanga safi juu ya jiwe.

“Hapana, bamama, miye nitapanga mustari,” Kanyere alisema. “Niweke nyuma. Ya mwisho kabisa.”

“Hapana, patronne. Jua itakuumiza.”

Akaketi juu ya kanga, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Hakuna aliyekaa karibu naye. Walisimama pembeni, mikono mbele, wanavyosimama watu mbele ya mkubwa wa serikali anayengoja gari lake. Nyuma huko wanawake wawili wakaanza kubishana, nani yuko mbele ya nani, na Kanyere akainua kichwa kwa haraka, tayari. Alikuwa ameshauona mstari wote kichwani.

“Muache kelele, musimusumbue patronne,” Véronique aliwakemea. Honorine ndiye aliyefuata mstari, akigusa bidoni moja moja kwa kidole na kumtaja mwenyewe. Alikosea mara mbili, wakamsahihisha, wakaridhika.

Kisha Honorine alirudi mbele. Bidoni yake ilikuwa ya kwanza asubuhi ile, tayari imejaa. Aliiinua, akaimimina taratibu ndani ya ile ya Kanyere, bila kumwaga tone, mpaka nusu ikahama.

“Hii ni yako,” alisema. “Jana ulikosa fasi ya kuitia.”

Kanyere akaruka kutoka kwenye jiwe.

“Mukuje kwangu!” alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Mukuje bote, sasa hivi, na bidon zote. Robinet iko, itafunguka. Papa Séphora atasema yake, miye nitafungua.”

Safari hii hakuomba kwa sauti ndogo, na alimaanisha kila neno. Mtu asimnyime hilo. Angewafungulia geti, angesimama mbele ya mumewe, angelisukuma hata kochi lile likatoka njiani. Wanawake wakatazamana. Wengine walikuwa na watoto wasioogeshwa tangu Jumatano.

“Aksanti, patronne,” Honorine alijibu. “Siku pompe itapona, tutakuja.”

Hakuna aliyecheka. Kanyere alimtazama Véronique, akamngoja, lakini Véronique alikuwa ameinama akiijazia bidoni nusu iliyobaki kutoka kwenye yake. Wakaifunga kifuniko. Mmoja akamsokotea ngata, wawili wakamtwisha, wa nne akamwekea kanga begani isianguke. Mstari ukagawanyika, bidoni zikasogezwa huku na huku ili apite katikati bila kujikwaa. Alipita. Hata walioketi mwisho kabisa waliinuka.

Liévin alikuwa uani akinyoa ndevu mbele ya kioo cha gari alipomwona mkewe akiingia getini. Alitazama saa.

“Saa moja haiyafika! Leo hapakuwa mustari?”

“Ulikuwako. Balinipitisha mbele.”

Liévin alishusha wembe. Uso wake, nusu povu, uling'aa kwa furaha safi ya mtu ambaye fedha zake zimefanya kazi.

“Nilikuambia nini? Unaona sasa. Banajua weye ni nani.”

Kanyere alitua bidoni kando ya mapipa yaliyojaa.

“Ndiyo,” alisema. “Banajua.”